Siku Ami Shee Alipoukataa Udi

Ipo siku moja hainitoki, Abudi mwanangu, na yeo utakaa hapa mkekani nikusimulie mpaka mwisho. Weka hiyo simu. Wageni wa arusi ya dadako hawaji mpaka Ijumaa, na hiyo bunduki unayoisugua tangu asubuhi haitakimbia.

Ni siku ya arusi yangu mimi nyanya yako. Nilikuwa chumba cha ndani, nyumbani kwetu Chundwa, hina imenikauka mikononi na miguuni, nimekatazwa kushika kitu, nimekatazwa hata kucheka sana. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza tu. Watu wa bwana arusi walikuwa wakija kutoka Ndau, na kwetu mkwe hapokewi kimya, anapokewa kwa gobori. Mlio mmoja anaposhuka chomboni, mwingine akiingia mtaani, mwingine akifika mlangoni, ili kijiji kizima kijue kwamba binti huyu ana watu wa kumtetea. Bibi arusi ambaye mumewe aliingia bila mlio, wallahi, alisemwa mpaka akazeeka.

Mpiga gobori alikuwa Ami Shee, mdogo wake baba. Baba alikufa ningali mtoto, na Ami ndiye aliyenilea, kwa hiyo siku ile alikuwa mwenye arusi na mwenye bunduki kwa pamoja. Gobori lake ndilo hili ulilokabidhiwa wewe. Pembe hii ya kutilia baruti ni yake pia, ilitoka kwake ikaja kwa babu yako, ikaja kwa babako. Kizibo chake cha mti alikichonga mwenyewe, na mpaka yeo ukikichomoa utasikia kimekaza.

Ami, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mzaha katika kila jambo isipokuwa baruti. Hakuiweka katika nyumba tunayolala, sembuse jikoni. Alikuwa na kasha dogo la mti, limeungwa kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja, analiweka bandani nyuma ya nyumba, juu ya meza ili lisipate unyevu wa chini. Ufunguo wa banda ulikuwa kiunoni mwake, akilala nao. Mtu mwenye sigara akija kumwamkia, Ami alimpokea kwa mbali, kainua mikono miwili: "Marahaba, marahaba, kaa huko huko!" Mkewe alikuwa akisema kwamba lile kasha ndilo mke mkubwa, yeye ni mdogo tu. Sote tulikuwa tukimcheka.

Na kumimina kwake, lo! Ungedhani anampa mgonjwa dawa. Ukitazama vijana wa siku hizi, wanaikita pembe mdomoni mwa bunduki wakamwaga kama wanaomwaga maji. Ami hakufanya hivyo hata siku moja. Alikuwa na kipimo, kipande cha pembe ya mbuzi kinachochukua baruti ya mlio mmoja, basi. Anamimina kutoka pembe kuu hadi kipimoni, anairudishia pembe kizibo chake, anaitupia mgongoni kwa ukanda wake. Ndipo anapotia kile cha kipimoni ndani ya mtutu, uso kaugeuza pembeni, mdomo wa bunduki unatazama mahali pasipo mtu. Fataki, ile inayotoa cheche, ilikuwa ya mwisho kabisa kuwekwa. Nikamuuliza siku moja kwa nini anajipa kazi mara mbili. Akaniambia, "Mtutu uliotoka kulia una kaa ndani usiloliona. Likishika hiki kidogo, nitaungua kidole. Likishika pembe nzima, mtanizika bila mikono."

Ndiyo maana baada ya kila mlio alingoja. Alichukua fimbo yake ya kushindilia, akafunga tambara bichi, akalisukuma ndani mpaka chini, akalitoa, akalinusa, akangoja tena. Watu wanapiga vigelegele, ngoma zinaita, watoto wanaruka, "Tena, Bwana Shee, tena!" Yeye anangoja kama hasikii. Siku ya arusi yangu, mwanangu, kungoja kwake kulinikera mpaka nikauma kanga.

Sasa nikwambie habari ya Bi Zena, mama wa bwana arusi. Alikuwa mtu mzima wa Ndau, mnene, mkarimu, mwenye sauti, na nyumba yao ilikuwa na ada yao. Mama wa bwana arusi akifika kwa wakwe, huja na chetezo chake mkononi, kimejaa makaa na udi, akamvukiza kwa mkono wake kila aliyefanya kazi ya arusi: mpishi, mchota maji, mpiga ngoma, wote. Maana yake ni kusema, kazi yako tumeiona, na kuanzia yeo wewe ni wetu. Na anayeukataa udi ule ni kama amesema sikuridhika nanyi, rudini mlikotoka. Sisi wa Chundwa tuliijua ada hiyo vizuri, na Ami aliijua kuliko wengi.

Basi nikasikia mlio wa kwanza. Ukuta ukatikisika, njiwa wakaruka, nikatabasamu peke yangu. Nikangoja wa pili. Nikasikia ngoma zinakaribia, vigelegele, halafu sauti moja ya mwanamume kali kama ya mtu anayemfukuza ng'ombe shambani. Ngoma zikanyamaza. Mlio wa pili haukuja.

Akaingia mbio Fatuma, shoga yangu aliyekuwa amesimama mlangoni, kashika kifua. "Ole wetu, Ami Shee amemtukana mavyaa wako!"

Ilikuwa hivi. Ami alikuwa amekwisha kusafisha mtutu, amechomoa kizibo cha pembe, anamimina kipimoni, pembe iko wazi. Bi Zena akatokea nyuma yake, upande unaotoka upepo, chetezo kimewaka na makaa yanatoa cheche, anatabasamu, anakuja kumpa heshima yake wa kwanza kabla ya wengine wote. Ami akageuka akamuona. Akaifunika pembe kwa kiganja, akaikumbatia kifuani, akasema, "Rudi nyuma!" Bi Zena akadhani ni mzaha wa wakwe, akacheka, akazidi kusogea. Ndipo Ami akapiga ukelele mbele ya watu wote, "We mwanamke! Rudi nyuma na moto wako!"

We mwanamke. Hakumwita Bi Zena, hakumwita hata mama. Mtu aliyevuka maji na mwanawe atuletee sisi, anaitwa "we mwanamke" katikati ya ndia ya mtaa, mbele ya watu wake. Bi Zena alikiweka chetezo chini, akajifunga buibui lake, akageuka. Wanawake wa Ndau wakamfuata mmoja mmoja, na baba wa bwana arusi akamwambia nahodha asiende mbali. Ndoa yenyewe ilikuwa haijafungwa, ilikuwa ifungwe msikitini baada ya alasiri. Na babu yako Athmani, bwana arusi mwenyewe, ambaye ulimjua mwenyewe alivyokuwa hana neno, alisimama pale pale kwenye ndia na kilemba chake, hajui amfuate mamake au aje kwangu.

Mimi nikavunja makatazo yote. Nikatoka uani na hina yangu, kichwa wazi, nikamkuta Ami anafunga kasha lake pole pole, kana kwamba nti haijapinduka. Nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti. Siku ile nikampandishia.

"Ami, umenivunjia ndoa! Kwa ajili ya baruti! Watu wote walikuwa wakikungoja wewe tu, na mama wa watu kakuletea heshima mpaka mkononi. Ungenyamaza ungepungukiwa nini?"

Akafunga kufuli. Akautia ufunguo kiunoni. Kisha akanitazama.

"Ndoa ikivunjika yeo," akasema, "kesho wazee watakaa, watazungumza, itaungwa. Na isipoungwa, utalia, utapata mume mwingine. Mato ya yule mama yakipofuka, ningeyatoa wapi nimrudishie?"

Hasira haikunitoka, nisikudanganye.

"Unadhani sikutamani ule udi?" akaniuliza. "Nimekulea tangu unatambaa. Yeo ndiyo siku yangu ya kuvukizwa. Ndoo hapa unishikie birika."

Nikammiminia maji. Akanawa mikono mpaka viwikoni, akasugua kucha, akaivua ile kanzu iliyoingia baruti akaivaa nyingine safi. Halafu akaenda kwenye ndia, pale chetezo kilipoachwa, makaa bado yana uhai. Akakiokota kwa mikono miwili, akatia udi, akapuliza, akashuka nacho ufukoni. Nusu ya kijiji ilimfuata, na mimi nikatazama kutoka chini ya upenu wa jirani, hina na aibu yangu vyote pamoja.

Bi Zena alikuwa amekwisha kupanda chomboni, amekaa kawapa watu mgongo. Ami hakusimama mchangani kumwita. Aliingia majini na kanzu yake safi mpaka magotini, chetezo kakiinua juu kisipate maji, mpaka akafika ubavuni mwa chombo.

"Bi Zena," akasema, na sauti yake ilisikika mpaka tuliposimama, "nimekuita jina baya mbele za watu, na mbele ya watu hawa hawa naomba radhi. Wewe ni mtu mkubwa, mzazi mwenzangu, na mimi nimekosa adabu. Nisamehe kwa ajili ya Mungu. Lakini lile la kurudi nyuma, hilo siliombei radhi. Ukija tena na moto na pembe yangu iko wazi, nitakwambia tena rudi nyuma."

Watu waliguna. Mimi nikajisemea, sasa ameimaliza kabisa.

Bi Zena akageuka. Akamtazama, akatazama kanzu ilivyolowa, akatazama kile chetezo chake. "Na umekileta cha nini?"

"Baruti nimeifungia, mikono nimenawa, nguo nimebadilisha," akasema Ami. "Nimekuja kuchukua udi wangu. Ulikuwa wangu, sivyo? Au umekwisha kunifuta?"

Kisha Bi Zena akanyosha mkono akakipokea chetezo. Akamsogezea chini ya kidevu, Ami akajipunga ule moshi kwenye ndevu, machozi yanamtoka, sijui ni ya moshi au ya nini. Na Bi Zena, aliyekuwa hawezi kukaa muda mrefu bila neno, akasema kwa sauti, "Ndevu zenyewe zanuka baruti tupu, hata nikichoma udi wa Ndau nzima hautatosha!"

Vigelegele vilivyopigwa ufukoni siku ile vilizidi mlio wa gobori lolote. Athmani aliingia nyumbani kwetu bila bunduki kulia tena, na hapana mtu aliyenisema, kwa sababu watu walikuwa na jambo jingine la kusimulia. Ndoa hiyo ndiyo iliyomzaa babako, na babako akakuzaa wewe. Na Bi Zena, tangu siku ile mpaka alipokufa, hakuingia arusini na chetezo bila kusimama kwa mbali na kuuliza kwa sauti kuu, "Baruti i wapi?" Hata arusi isiyo na bunduki alikuwa akiuliza. Tulikuwa tukicheka mpaka mbavu zinauma, lakini tulikuwa tukimjibu.

Sasa nije kwako wewe, maana hukukalishwa hapa kwa ajili ya Bi Zena tu.

Wiki iliyopita nimefungua mlango wa jikoni nikakuta nini juu ya friji? Chupa ya soda ya plastiki, nusu imejaa baruti, karibu na jiko la gesi. Nikapiga ukunga, wewe ukaniambia, "Nyanya, chill, nimeifunga." Chill! Hapa Wiyoni nyumba zimebanana hivi, ukuta wetu ni ukuta wa jirani, na wewe unaniambia chill. Nashukuru ulinisikiliza ukaihamisha. Hata yule afande wa bara, kijana wa watu mwenye adabu zake, alipokuja kukagua bunduki na kibali chako, jambo la kwanza aliloliuliza ni baruti inakaa wapi, na nikaweza kumwonyesha kasha lile lile la Ami, tulilolirithi pamoja na bunduki, pasipo kuona haya. Iache humo. Weka kidogo cha kutosha shughuli iliyo mbele yako, usilimbikize. Ikipata unyevu usijaribu kuikausha juani wala jikoni, mwambie fundi aliyekuuzia akwambie la kufanya. Na ufunguo usiuning'inize msumarini mtoto akauona.

Kumimina umekwisha kufundishwa, nami sitakurudia kila kitu. Kipimo kwanza, kizibo mahali pake, pembe mgongoni, ndipo mtutu. Ukishapiga, tambara bichi na subira, hata wenzako wakisimama na simu zao wanataka video ya mlio mwingine haraka haraka. Waambie wasimame mbali. Hatutii risasi, najua, lakini lile tambara la kushindilia baruti peke yake likimpata mtu kwa karibu linamtoboa.

Hayo yote, Abudi, unayaweza, mkono wako ni mtulivu, na nakusifu hapa hapa mbele yako. Kinachonikosesha usingizi ni jana.

Jana alasiri ulikuwa uani unajizoeza. Pembe iko wazi mkononi, kipimo mkono wa pili. Nikatoka na chetezo changu, nikaja taratibu kwa upande wa upepo, nikatia mkono kana kwamba natia udi. Uliniona. Ukasimama, ukatabasamu, ukainamisha kichwa nikuvukize. Na ile pembe wazi ukaishika vile vile. Kile chetezo hakikuwa na moto, nilikitia jivu baridi makusudi, lakini wewe hukulijua hilo.

Nilipokuuliza mbona hukuniambia nirudi, ulinijibu kwa sauti ndogo, "Nyanya, ningekwambiaje wewe uondoke?"

Jibu lako limeniuma na limenifurahisha. Umelelewa vizuri. Wewe si mzembe, wala huna kiburi, na ndiyo sababu nakuogopea zaidi kuliko ningemwogopea mjinga. Mjinga ataungua kwa ujinga wake. Wewe utanichoma mimi kwa sababu umeona haya kunifokea.

Kwa hiyo sikiliza nasaha yangu, na uichukue kama ilivyo. Siku unayoshika baruti, hapana mkubwa mbele yako. Akija shekhe na fimbo yake, akija mkwe na chetezo, akija babako na sigara yake ambayo anadhani siijui, sema rudi nyuma. Sema kwa adabu mara ya kwanza. Asiposikia, piga ukelele, wala usitafute jina zuri la kumwita. Kisha shughuli ikiisha, funga kasha, nawa mikono, badili nguo, mfuate alipo umwombe radhi kwa ile sauti, hata kama ni majini mpaka magotini. Ile sauti ataisamehe, maana atakuwa hai, na mato anayo ya kukutazama unavyomwomba.

Na jambo hili sikukwambia kabla. Ijumaa mwenye kuvukiza wageni ni mimi. Nimekataa kumwachia mwingine, ndiyo kazi aliyoniachia Bi Zena. Nitakuwa na moto wa kweli siku hiyo, makaa mekundu. Na mato yangu siku hizi yana ukungu, mwanangu. Naona watu kama vivuli. Nikija upande wako nitaona kanzu nyeupe tu, sitaona umeshika nini. Nitauliza baruti i wapi, lakini kwa zile ngoma huenda usinisikie, na huenda nisikusikie ukinijibu kwa sauti yako hii ya ndani ya shingo. Hutanisaidia kwa kuinamisha kichwa.

Nifokee. Niite jina lolote likujialo mdomoni, hata lile la Ami, nimekwisha kukusamehe tangu sasa. Nataka sauti isikike mpaka jikoni. Nami nitasimama pale pale, nitarudi nyuma, na huko nyuma nitakuwa nakuombea dua.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie mikono yako, akuhifadhie mato yako na ya kila atakayesimama karibu nawe. Aijaze nyumba ya dadako heri, na akurehemu wewe kama alivyomrehemu Ami Shee kwa kumpa ujasiri wa kukosa adabu kwa saa moja. Amin.

Haya, inuka. Ishike pembe, kizibo kikiwa mahali pake, simama pale uani. Naenda kuchukua chetezo, nacho bado ni jivu. Tuone sauti yako.